Nimeitwa mwizi wa pesa za chama huko Facebook. Nimshtaki nani?

Mama Sare

Hamjambo wenzangu. Naomba ushauri kwa wanaojua mambo ya korti, na tafadhali msinitume kwa mhubiri, nimeshaombewa vya kutosha.

Mimi ni mweka hazina wa chama chetu cha kuchangiana pesa hapa Umoja, Nairobi. Michango ya mwaka jana tuliiweka benki kwenye akaunti ya muda maalum. Wote walitia sahihi kwenye kitabu cha mikutano kwamba pesa hizo haziguswi hadi muda wake uishe. Mwanachama mmoja akataka fungu lake mapema, eti ana mtoto wa kidato cha kwanza. Nikamwambia tukizitoa sasa riba inapotea, na si mimi wa kuamua, aulize mkutano. Mkutano hakuungoja.

Wiki ya Pasaka ikatokea posti kwenye ukurasa wa Facebook wa mtaa. Picha yangu, nimepigwa harusini Machakos nikiwa na kitenge cha manjano na chupa mkononi. Juu yake: "Angalieni sura hii vizuri. Huyu ni mwizi. Amekula pesa za chama na sasa anazinywa. Akija kwenu fungeni milango." Anazinywa! Jamani ile ni Fanta.

Akaunti yenyewe haina jina la mtu, inajiita mkweli sijui wa wapi. Jioni ile ile posti ikawa kwenye kikundi cha WhatsApp cha wazazi ninaowauzia sare za shule. Aliyeisambaza aliandika, "Sijui kama ni kweli, ila tahadhari," akaweka na vile vikatuni vya macho. Mama mmoja aliyekuwa amenipa arbuni ya sweta akataka pesa zake, nikamrudishia kwa M-Pesa. Ujumbe wake ninao.

Sasa nauliza. Wa kushtakiwa ni nani: aliyeandika, aliyesambaza, admini aliyenyamaza siku nzima, au Facebook wenyewe? Na je, mtu akitumia jina la uongo nitampataje?

Kijana wa Kariobangi

Mama, hapo hakuna kesi ndefu. Nenda kituo cha polisi asubuhi, andikisha OB, kile kitabu cha matukio, wamchukue Ijumaa jioni. Kuchafua jina ni jinai, kifungu cha 194 cha Kanuni ya Adhabu. Akilala ndani mpaka Jumatatu atajua tofauti ya Fanta na pesa za chama.

Mzee Samansi

Kijana, umechelewa. Kifungu hicho cha 194 kilifutwa tarehe 6 Februari 2017. Jaji John Mativo wa Mahakama Kuu alisema kumtia mtu jela kwa kumharibia mwenzake jina ni kinyume cha Katiba, maana aliyeumizwa anayo njia ya kudai fidia. Kabla ya hapo, Aprili 2016, Jaji Mumbi Ngugi alikuwa ameshakitupa kifungu cha 29 cha sheria ya mawasiliano, kile ambacho polisi walikuwa wakikitumia kukamatia watu wa Facebook. Hiyo hesabu ya Ijumaa jioni naijua sana, na siipendi. Leo inamlaza jirani yako, kesho itakulaza wewe kwa kuandika kwamba barabara ya wadi yenu ni mbovu.

Mama Sare, pole. Niseme mapema kwamba mimi si wakili. Mimi ni mpeleka samansi, zile hati za kumwita mtu kortini. Nimezeekea kwenye ngazi za nyumba za Pipeline na Githurai nikitafuta watu wasiotaka kupatikana. Zamani mzigo wangu ulikuwa kodi za nyumba na mikopo, sasa kesi za majina hazikosekani. Na hati huwa nazisoma kabla ya kuzipeleka, foleni za matatu ni ndefu.

Atakuja mtu hapa akutajie sheria ya makosa ya kompyuta ya 2018. Ni kweli ipo, na ilipotungwa kifungu chake cha 23 kiliweka adhabu kali kwa anayechapisha habari za uongo zinazoweza kumharibia mtu jina: faini hadi milioni 5 au kifungo hadi miaka 10, au vyote pamoja. Lakini wanablogu waliipeleka kortini mwezi ule ule ilipotiwa sahihi, na imevutana na majaji tangu hapo. Tena hata mtu huyo akitozwa faini, pesa hizo zinaenda kwa serikali. Wewe na sweta zako hamtapata kitu.

Njia yako ni ya madai, chini ya Sheria ya Kashfa, yaani ya kumharibia mtu jina, Sura ya 36. Unatakiwa kuonyesha kwamba maneno yale yanakushusha mbele ya watu wenye akili timamu, kwamba yanakuhusu wewe, na kwamba mtu mwingine aliyasoma. Picha yako imeshamaliza hilo la pili. Mdaiwa akisema ni kweli uliiba, mzigo wa kuthibitisha ni wake. Kwa kuwa ni maandishi, korti haikudai kwanza uonyeshe hasara ya shilingi na senti, ingawa ule ujumbe wa arbuni utafute na uutunze, una thamani kuliko mashahidi kumi wa tabia njema.

Yako mambo mawili ambayo watu wanaumia kwa kutoyajua. La kwanza ni muda. Kesi ya kashfa una miezi 12 tu tangu maneno yachapishwe. Madai mengine ya madhara, kama ajali, yana miaka mitatu, ndipo mtu anakaa akijua ana nafasi. Nimewahi kupeleka hati za mtu aliyekuwa na haki yote duniani isipokuwa kalenda. La pili, usikimbilie Mahakama ya Madai Madogo ati kwa sababu unadai chini ya milioni moja. Sheria yake ya 2016 inakataza kashfa waziwazi, wataikataa. Yako inaenda kwa hakimu, kule Milimani. Hakimu mkuu anasikiliza madai ya hadi milioni 20, kwa hiyo huhitaji Mahakama Kuu.

Halafu mkumbushe wakili kifungu cha 16A cha hiyo Sheria ya Kashfa. Mtu akikuzushia kosa ambalo kifungo chake ni miaka mitatu au zaidi, na ukashinda, fidia isipungue shilingi 400,000. Kosa likiwa la kunyongwa, isipungue milioni moja. Wizi wa kawaida kwenye sheria yetu ni miaka mitatu, na wizi wa aliyekabidhiwa mali ni miaka saba. "Mwizi" si tusi jepesi hapa Kenya.

Sasa maji baridi. Ukifungua kesi hii, vitabu vya chama vitafunguliwa pia. Wakili wa upande wa pili atakuuliza mchango wa Agosti uliingia lini benki, na kwa nini siku hiyo na si nyingine. Kama kuna mahali ulikopesha mtu bila kuandika, hata kwa wema, pale ndipo atakapokaa asubuhi nzima. Ukweli ni utetezi kamili. Pitia vitabu wewe mwenyewe kwanza, na katibu awepo.

Mama Sare

Mzee asante, umenipa pumzi. Vitabu viko sawa, na taarifa ya benki nimeichukua leo, imepigwa muhuri.

Lakini posti sasa haionekani. Nadhani aliifuta alipoona watu wanauliza maswali. Ninazo picha za skrini tu. Na lile jina la uongo je? Mimi najua ni yeye. Akaunti hiyo huuza viatu vya mitumba, na namba ya simu kwenye matangazo ya viatu ndiyo namba anayonitumia mchango.

Mzee Samansi

Basi umeshampata, tena bila mpelelezi. Rekodi zako za M-Pesa zinaonyesha mwenye namba hiyo ni nani, na tangazo la viatu linaifunga namba hiyo na akaunti. Piga picha ya matangazo hayo leo, kabla hajasoma tunachoandika hapa.

Kufuta posti hakufuti kosa. Ilisomwa. Kinachohitajika ni shahidi aliyeisoma ikiwa hewani, na yule mama wa sweta ndiye hasa, akikubali kuja. Kuhusu picha za skrini, usizikate pembeni wala kuchora mduara mwekundu kama wafanyavyo watu. Korti inataka kuona jina la akaunti, tarehe, saa na maoni yaliyo chini. Sheria ya Ushahidi, kifungu cha 106B, inadai cheti kinachoeleza picha zilitoka kwenye kifaa gani na kwa njia gani, kikiwa na sahihi ya anayehusika na kifaa hicho. Kurasa zilizochapishwa kwa cyber pale mtaani bila cheti, wakili wa upande wa pili atazipinga kabla hujakaa vizuri kwenye kiti.

Na asidhani atanifungia mlango. Kijana mmoja wa Pipeline alisimama mbele yangu akiwa na kofia ile ile iliyo kwenye picha yake ya Facebook, ya buluu, yenye doa la rangi kwenye ukingo, akaniambia mwenye jina hilo ni kaka yake na amesafiri. Nikamwambia nitamsubiri kaka. Siku hizi hata sina haja ya kubishana. Tangu kanuni zilipobadilishwa 2020, korti inakubali samansi kwa barua pepe na kwa programu za ujumbe kama WhatsApp, kwenye namba ambayo mtu anaitumia. Natuma, naona imefika, naambatisha uthibitisho huo kwenye hati yangu ya kiapo. Mtu anayetukana kwa WhatsApp anafikiwa na samansi kwa WhatsApp. Hilo lilinifurahisha kuliko ilivyostahili.

Admini Block C

Mimi naomba niulizie upande wa admini kabla hamjatunyonga. Nasimamia kikundi cha wapangaji, nusu yao sijawahi kuwaona. Mtu akiandika upuuzi saa nane usiku mimi nimelala, kosa langu ni lipi? Huko India, Mahakama Kuu ya Delhi ilisema mwaka 2016 kwamba kumshtaki admini kwa maneno ya mwanachama ni kama kumshtaki mtengeneza karatasi kwa kilichoandikwa gazetini. Kesi ikatupwa. Mama Sare aache maadmini, aende na mwenye maneno.

Mzee Samansi

Kesi hiyo ni ya kweli, na mawakili wa Nairobi wanaweza kuitaja, ila hakimu wa Milimani hafungwi nayo. Ukitafuta upande wa pili utaupata pia: Australia, Septemba 2021, mahakama yao ya juu kabisa iliamua kwamba magazeti yaliyofungua kurasa za Facebook yanahesabiwa kuwa wachapishaji wa maoni ya wasomaji chini ya habari zao, hata kama hayakujua kilichoandikwa. Ukurasa wa gazeti la biashara si kikundi cha wapangaji, nakubali. Lakini usilale ukijifunika India peke yake.

Mimi natenganisha usiku na asubuhi. Saa nane umelala, sawa. Asubuhi Mama Sare amekupigia, amekutumia picha, amekuambia huu ni uongo, na una kitufe. WhatsApp imewapa maadmini uwezo wa kufuta ujumbe wa mwanachama kwa kila mtu tangu 2022. Ukiuacha hapo makusudi siku tatu ukisoma maoni na kucheka, wakili mwenye njaa atauliza kama maneno hayo sasa hayajawa yako pia. Piga picha, futa, waambie watu mbishane kwenye mkutano. Ni kazi ya dakika moja.

Aliyenitia wasiwasi zaidi ni yule wa "sijui kama ni kweli". Watu wanadhani hayo maneno ni kinga. Kurudia kashfa ni kashfa mpya, na aliyerudia anajibu kwa mdomo wake. Yeye ndiye aliyeipeleka kwa wateja wako, kwa hiyo hasara ya sweta iko mlangoni pake. Hata vile vikatuni vya macho vina historia kortini. Uingereza, mke wa Spika wa Bunge aliuliza tu kwenye Twitter kwa nini jina la bwana mmoja, Lord McAlpine, linavuma, kisha akaweka kwenye alama za nyota maneno ya kujifanya ana uso wa asiye na hatia. Hakumtuhumu kwa kosa lolote. Mwaka 2013 jaji alisema kila msomaji alielewa anamaanisha nini kutokana na habari za siku hizo, na kwamba ni kashfa.

Mchangaji Sugu

Mzee nakuheshimu, lakini mnazungumza kana kwamba wenye pesa za chama wote ni malaika. Mimi nilichanga mwaka mzima kwenye chama cha Dandora, mweka hazina akahamia kwao bila kuaga. Tukinyamaza kwa sababu ya Sura ya 36, wezi wa kweli watastarehe. Mbona uhuru wa kusema uko kwenye Katiba?

Mzee Samansi

Uko, kifungu cha 33. Kisome hadi mwisho. Kijisehemu cha 3 kinasema anayetumia uhuru huo aheshimu haki na sifa za wenzake. Vyote viwili vimo kwenye ukurasa mmoja.

Wewe hukatazwi kusema. Andika ulichokiona na unachoweza kukionyesha: "Nilichanga mwaka mzima, risiti hizi hapa. Tangu Januari tumeomba hesabu hatujapewa. Mweka hazina amehama na simu haipokei." Hapo kila sentensi ina karatasi nyuma yake, na msomaji ataongeza mwenyewe. Ukiruka hapo ukaandika "mwizi", umejitwika kuthibitisha nia yake, na nia ya mtu ndicho kitu kigumu kuliko vyote kukileta kortini. Kusema maoni ya haki juu ya jambo linalohusu umma ni utetezi pia, mradi mambo unayoyajengea maoni ni ya kweli. Na ukienda kwa polisi au kwenye mkutano wa chama ukatoa malalamiko yako bila chuki, sheria inakulinda kwa kiasi kikubwa hata ikitokea ulikosea, kwa sababu umewaambia wanaohusika. Mtaa mzima wa Facebook hauhusiki na mchango wako.

Pesa zako za Dandora ni jambo jingine kabisa. Hizo ni deni, na Mahakama ya Madai Madogo inazipokea zikiwa ndani ya milioni moja. Huko ndiko ningekupeleka.

Kijana wa Kariobangi

Sawa mzee, nimekubali hiyo ya 194. Na Facebook wenyewe? Hao ndio wana pesa. Kwa nini Mama asiwashtaki hao?

Mzee Samansi

Kwa sababu ataondoka duniani kesi ikiwa inatajwa. Kwao Marekani kampuni hizo zinakingwa na kifungu cha 230 cha sheria ya 1996: anayeandika ndiye anayejibu, si aliyetoa ukuta. Kinga hiyo si sheria ya Kenya, na Meta, wenye Facebook, wameshaletwa kwenye korti zetu kwa mambo mengine. Aprili 2025 Mahakama Kuu hapa ilisema ina mamlaka ya kusikiliza kesi juu ya machapisho ya wakati wa vita vya Ethiopia. Lakini hiyo ina mashirika na mawakili wengi nyuma yake, na hapo walikuwa bado wanabishania mlango tu. Kwa posti ya Umoja, bonyeza kitufe cha kuripoti, tunza jibu watakalokupa, kisha elekeza nguvu kwa muuza viatu.

Mama Sare

Mambo yamesonga. Leo kaka yake amenipigia. Anasema mdogo wake yuko tayari kuniomba msamaha mbele ya wanachama tukimaliza hili nyumbani, tena kwa soda. (Siyo mimi niliyetaja soda.) Mume wangu anasema nikubali. Wakili niliyemwuliza ada yake ilinifanya nikae chini kidogo. Mzee unasemaje?

Mzee Samansi

Mume wako ana hoja. Hati nyingi nilizopeleka ziliishia kwa msamaha na gharama, na walioumizwa wengi hicho ndicho walichokitaka. Lakini msamaha uende kule tusi lilikoenda. Mbele ya wanachama haitoshi, wao walijua pesa ziko benki. Aandike kwenye ukurasa ule ule wa mtaa, kwa akaunti ile ile na kwa jina lake halisi, aseme wazi kwamba alichoandika ni uongo, kisha msamaha huo upelekwe kwenye kikundi cha wazazi na yule yule aliyepeleka tusi. "Samahani kama kuna aliyeudhika" usiipokee. Msamaha ukae hapo angalau mwezi bila kufutwa, na arbuni uliyorudisha ailipe.

Kabla ya yote hayo, barua ya madai itoke. Iandikwe na wakili, ikinukuu maneno yale neno kwa neno, ikimpa siku za kujibu. Barua peke yake haigharimu kama kesi, na kaka zake wakiiona watakuwa wapole zaidi. Wakili akiwa mzito mfukoni, nenda Kituo cha Sheria, wamekuwa wakisaidia watu wa kipato kidogo Nairobi tangu 1973. Uliza pia huduma ya kitaifa ya msaada wa sheria.

Makubaliano yawe kwa maandishi, na sahihi. Mazungumzo ya nyumbani hayasimamishi ile miezi 12, kwa hiyo akianza kukuzungusha hadi karibu na Krismasi, mwambie wakili afungue kesi mkiendelea kuongea. Na simu uliyopigia zile picha usiiuze, usiifomati, wala usimpe mtoto achezee michezo hadi jambo hili liishe.